Maswali ya gari: Noah inachemsha vilimani, IST imekunywa maji

Masika haya takriban kila aliyeniandikia ana habari ya maji: yanayochemka, yaliyoingia ndani ya injini, ya chumvi yanayokula chesisi. Barua nimezifupisha na majina nimeyaacha kwa wenyewe.

Assalaam alaykum fundi. Nina Toyota Noah ya zamani, ile ambayo injini iko chini ya viti vya mbele. Napakia abiria Wete kwenda Chake. Kwenye tambarare mshale wa joto unakaa katikati, lakini nikijaza watu na kupanda mlima unapanda mpaka karibu na alama nyekundu. Fundi wa hapa aliitoa themostati, gari ikatulia wiki mbili, sasa imerudi palepale. Kila asubuhi naongeza maji. Nibadilishe injini?

Waalaykum salaam kaka yangu. Injini iache kwanza. Umeniambia mambo mawili ambayo fundi wako alitakiwa ayasikilize kabla ya kushika spana.

La kwanza ni pale inapochemsha. Gari inayochemsha kwenye foleni ikapoa ikishika mwendo, mtuhumiwa ni feni, kwa sababu ukienda kasi upepo unafanya kazi ya feni. Yako ni kinyume chake: upepo inao, lakini ikibebeshwa mzigo mlimani inashindwa kupoza. Hapo nashuku rejeta (kile kipoza maji ya injini) iliyoziba kwa ndani au maji yasiyozunguka sawasawa. Pemba ni kilima baada ya kilima, gari haipati nafasi ya kupumzika.

La pili ni hayo maji ya kila asubuhi. Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Gari nzima inaweza kukaa miezi bila kuomba hata kikombe. Yako inakunywa kila siku, basi yanakwenda mahali, na wewe unayaongeza bila kuuliza yanakwenda wapi. Na unaongeza maji gani? Kama ni ya kisima, litazame birika la chai hapo nyumbani. Ule ukoko mweupe wa chokaa ulioganda ndani ndio huohuo unaojijenga kwenye vijinjia vya rejeta, na vijinjia hivyo ni vyembamba mno.

Themostati irudishwe. Najua mafundi wengi wa visiwani wanaitoa, na wanaitoa kwa nia njema, lakini wanakosea. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina kazi mbili: inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta maji yakishapata moto, na wakati huohuo inaifunga njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Juu ya hapo, asubuhi injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni baridi na inazidisha petroli. Unaumia mlimani na unaumia kwenye sheli.

Kesho alfajiri, gari ikiwa baridi kabisa, fungua kofia ya rejeta uutazame mpira wake. Ukiwa umekauka au umepasuka, nunua nyingine yenye namba ileile iliyoandikwa juu, 0.9 au 1.1. Kofia hiyo ndiyo inayobana presha, na maji yaliyobanwa kwa 1.1 hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Ikilegea, yanachemka kwenye 100 na kutoroka kama mvuke, nawe huoni tone chini. Kisha washa gari kofia ikiwa wazi na utazame mdomo wa rejeta. Vipovu vichache mwanzoni si kitu. Vikiendelea kupanda mfululizo, au ukikuta ute kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, basi nashuku gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, usibebe abiria tena. Usipoona hayo, fuata mipira na mabomba yanayopita chini ya gari mpaka mbele, halafu itazame wota pampu kama ina michirizi ya maji yaliyokauka. Baada ya kuziba panapovuja, rejeta isafishwe, iwekwe kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, nusu kwa nusu na maji ya betri yale yasiyo na asidi, na hewa itolewe kwa subira. Noah hizo zina mabomba marefu, hewa hujificha humo.

Nakusihi pia: ikichemsha njiani, kofia usiifungue. Kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi aliifungua kwa kitambaa, gari imezimwa dakika kumi tu. Maji yalimrukia kifuani na shingoni, na makovu anayo mpaka leo. Zima, fungua boneti, washushe abiria, subiri saa nzima.

Fundi, nilipita kwenye maji Mwanakwerekwe siku ya mvua kubwa, Toyota IST yangu ikazima katikati. Tumeisukuma mpaka nyumbani. Kaka yangu anasema tuisukume tena iwake, jirani anasema nibadilishe betri nijaribu. Nifanye lipi?

Dada yangu, usifanye lolote kati ya hayo. Ufunguo mpe mtu auweke mbali. IST yako ya otomatiki haiwaki kwa kusukumwa hata mkisukuma mpaka Bububu, na kupiga stata ndiko kunakoua injini.

Pistoni kazi yake ni kuibana hewa, na hewa inakubali kubanwa. Maji hayakubali. Yakiwa ndani ya silinda na pistoni ikapanda kwa nguvu, kitu lazima kipinde, na kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoishika pistoni. Niliwahi kufungua injini ya gari iliyolazimishwa kuwaka baada ya mafuriko. Konrodi tatu zilikuwa zimenyooka. Ya nne nilipoilaza kando ya wenzake ilikuwa imejikunja kidogo tu, kama kidole cha mzee chenye baridi yabisi. Kidogo hicho kiliimaliza injini nzima, na mwenye gari aliipiga stata mara tatu tu.

Injini yako huenda ni nzima, maana ilizima yenyewe na nyinyi mkasukuma. Kwanza toa waya hasi wa betri. Fungua boksi la filta ya hewa: filta ikiwa kavu, una matumaini makubwa kwamba maji hayakuingia ndani. Ikiwa imelowa, mwite fundi. Chomoa kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, oili hiyo imwagwe kabla ya jambo jingine. Fundi azitoe plagi zote nne, ndipo waya wa betri urudishwe na stata ipigwe plagi zikiwa nje. Kama ndani ya silinda mna maji, mtayaona yanaruka kwenye matundu. Akishayamaliza, oili mpya, filta mpya, plagi kavu, halafu ndiyo iwashwe. Oili ya gia boksi nayo aitazame.

Viti na mazulia vitolewe juani siku hiyohiyo. Watu wanalisahau hili, injini inapona, na baada ya miezi miwili taa zinawaka zenyewe kwa sababu soketi za nyaya zilizo chini ya zulia zimeota kutu.

Masika ijayo, maji yakifika nusu ya tairi, geuza. Kusubiri dukani kwa watu saa mbili si aibu.

Shikamoo fundi. Mimi nachukua samaki Mkokotoni kuleta mjini kwa kirikuu, ile pikapu ndogo. Chesisi imeanza kuota kutu. Wenzangu wanapaka oili chafu chini. Ni sawa?

Marahaba mwanangu. Oili chafu inapunguza kutu, siwezi kukudanganya. Lakini inatafuna mipira ya bushi, inadondoka kwenye diski za breki, inashika moto karibu na ekzosi, na mvua ikija inaingia kwenye ardhi ileile tunayochimba visima. Mimi gari yangu siipaki.

Adui yako si bahari, ni barafu. Inayeyuka na chumvi na damu ya samaki, inapita kwenye nyufa za bodi, inakaa juu ya chesisi usiku kucha. Na chumvi inavuta unyevu wenyewe kutoka hewani, kwa hiyo hata ukiegesha bandani kutu inaendelea na kazi. Tandika turubai zito lisilo na tundu, tengeneza pembe moja ya kutolea maji kwa mpira unaofika nje kabisa, nyuma ya bampa. Ukishashusha samaki, mwagia maji yasiyo na chumvi chini ya gari siku hiyohiyo, si Ijumaa. Zibua yale matundu madogo chini ya milango, yanazibwa na mchanga na kuugeuza mlango kuwa ndoo.

Ilipokwisha kuota, chukua bisibisi, lala chini, gonga kwa mpini toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, kama unagonga gome la mnazi uliolala. Pazima kwangua kwa brashi ya waya mpaka ung'aro uonekane, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Palipooza panataka kuchomelewa na mtu anayejua, si kufunikwa na rangi. Na ukiwa huko chini, vitazame vibomba vyembamba vya breki vinavyofuata chesisi. Vikiwa vimeota magamba, vibadilishe wiki hii. Hivyo ndivyo vinavyokutisha kuliko chesisi.

Maji yanadondoka chini ya gari, upande wa abiria, kila nikiwasha kiyoyozi. Ninaogopa.

Usiogope, ni jasho la kiyoyozi. Kwa unyevu wetu huu yasipodondoka ndiyo uulize, maana bomba limeziba na yatakuja kulowesha zulia. Yaguse tu: yawe maji matupu, yasiyo na utelezi wala rangi wala utamu wa harufu.

Nanunua tairi za mtumba, zina kashata nzuri, yale meno ya juu. Nitajuaje kama ni nzima?

Kashata haitoshi. Ubavuni tafuta neno DOT na ufuate mpaka tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa ghalani miaka kumi inaweza kuwa na kashata kama mpya na mpira wake umekufa. Ikunje kwa vidole ubavuni, ukiona vijiufa vidogovidogo, mrudishie mwenyewe. Na upepo usijaze kwa macho. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna karatasi yenye namba. Ikiandika 220 kPa ni kama 32 kwenye geji za psi. Pima asubuhi kabla hujatoka.

Nilisafiri wiki tatu, nimerudi gari haina uhai. Nimebustiwa kwa betri ya gari jingine ikawaka, kesho yake imelala tena. Kwenye vichwa vya betri kuna unga mweupe na kijani.

Kwanza unga huo. Toa waya hasi, kisha chanya, mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo, sugua, kausha, rudisha chanya kwanza, kaza. Betri nyingi "mbovu" ninazoletewa zina vichwa vilivyolegea tu.

Halafu mwombe mtu mwenye mita. Gari imezimwa usiku mzima, betri iliyojaa inasoma 12.6, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Washa injini: isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kushuka, altaneta haichaji, na betri mpya utakayonunua itakufa vilevile. Ikichaji vizuri na asubuhi bado imelala, huenda betri imezeeka. Joto letu linaziua mapema. Ukisafiri tena, toa waya hasi kabla ya kwenda bandarini.

Nina IST ile mpya mpya. Fundi kaweka oili ya haidroliki ya kawaida kwenye gia boksi, kasema haidroliki ni haidroliki. Sasa inavuma na inachelewa kuondoka.

Hapana, na limeniuma kulisoma. IST za mwanzo, za 2002 mpaka 2007, zina gia boksi ya otomatiki ya gia nne. Zilizofuata nyingi zina CVT, ambayo ndani yake hamna gia bali mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Mkanda huo unashikiliwa na oili yenyewe. Ukiweka isiyo yake unateleza, na kila unapoteleza unakwangua puli.

Usiiendeshe. Oili imwagwe, sampo, ile sahani ya chini inayokaa oili, ifunguliwe, sumaku zitazamwe. Zikiwa na unga mwembamba kama masizi, weka oili iliyoandikwa CVT ya Toyota na Mungu akipenda itarudi. Zikiwa na vipande vya chuma unavyovihisi kwa kidole, gia boksi imekwisha.

Mimi ni mwalimu, na watoto wanakwenda skuli kwa gari hii. Pedali ya breki inazama polepole nikiikanyaga na kuishikilia. Nikipampu inarudi. Oili ya breki sikuipata dukani, jirani ana ya stelingi, ananiambia niiongeze.

Mwalimu, barua yako nimeiweka mwisho lakini wewe ndiye niliyemjibu wa kwanza kwa simu.

Oili ya stelingi inaivimbisha mipira ya breki. Leo pedali inazama, keshokutwa hamna pedali. Kama hujaiongeza, kichungulie kikopo: oili ikiwa imeshuka, tazama ndani ya kila ringi na nyuma ya kila tairi, utakuta panapolowa. Ikiwa haijashuka na pedali inazama, masta silinda, ile pampu kuu ya breki, inavuja kwa ndani. Vyote viwili ni kazi ya saa chache.

Kama umeshaiongeza, niambie bila kuona haya. Usiikanyage hata kujaribu. Mabomba yaoshwe, mipira yote ibadilishwe, oili mpya ya breki iliyoandikwa DOT 3 iwekwe na hewa itolewe kwenye magurudumu yote manne. Fundi aje hapo ilipo gari, na watoto kesho wapande daladala kwenda skuli.