Muulize Mwalimu: Pembe za bati, kengele ya Kisauni na siri za Allidina

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza habari za mji wetu wa Mombasa, nami nimezikalia barazani Kibokoni hadi kahawa ikapoa. Hizi nne ndizo nilizoweza kuzijibu bila kubahatisha.

*Mwalimu, shikamoo. Wageni wangu wa kutoka Kisumu walipiga picha kwenye zile pembe za Moi Avenue. Kiongozi wao akawaambia ni pembe za ndovu hasa, zimepakwa rangi tu, na kwamba Malkia Elizabeth alipita chini yake mwaka 1952. Nilinyamaza nisimwaibishe mbele za watu. Ukweli ni upi?* — Msomaji, Tononoka

Marahaba. Ungecheka tu, mwanangu. Ndovu mwenye pembe za kuvuka barabara angekanyaga Ngomeni, ile Fort Jesus, akapita bila kujua kuna ukuta. Zile ni za aluminiamu. Nilipokuwa mdogo baba alinichukua kwa miguu hadi Kilindini, na tulipofika penye pembe hizo niliupiga ngumi mguu wa pembe moja. Ulilia ndu, kama debe tupu la mafuta ya taa. Tangu siku hiyo sijapata kudanganywa na pembe zile. Ziko jozi mbili, kila jozi juu ya upande wake wa barabara, na ukisimama mbali kidogo utaiona herufi M.

La Malkia nalo lina kisa chake. Mwaka 1952 Elizabeth, ambaye bado alikuwa binti mfalme, alikuja Kenya na mumewe, na meli iitwayo Gothic ilikuwa Mombasa ikiwangojea iwapeleke Ceylon na Australia. Hawakufika pwani. Tarehe 6 Februari baba yake, Mfalme George VI, alifariki yeye akiwa bado huko bara, upande wa Nyeri, akarudishwa London kwa ndege. Meli ikabaki bila abiria wake. Aliyefika Mombasa ni mdogo wake, Princess Margaret, mwaka 1956. Kiongozi wenu kamchanganya dada na nduguye.

*Mwalimu, kila siku makanga ananipigia kelele "Kengeleni! Kengeleni!" nami nashuka. Ni kengele gani hiyo?* — Msomaji, Bamburi

Siku moja ukishuka usikimbilie tuktuk. Kengele ipo, imetundikwa kwenye kijumba chake pale njiani Kisauni, na nina hakika umeipita mara elfu.

Mwaka 1875 wamishenari wa Kiingereza wa CMS (Church Missionary Society) walianzisha kijiji ng'ambo ya kisiwa, wakakiita Freretown kwa jina la Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa. Mkataba wa kuipiga marufuku baharini ulitiwa saini mwaka 1873. Lakini manowari ikikamata jahazi lenye watu mia, watu hao wanapelekwa wapi? Kwao ni Nyasa, ni Uyao, ni Umakua. Wengine walichukuliwa wangali wadogo hata njia ya kurudi hawaijui. Ndio wakashushwa hapo Freretown, wakapewa viwanja vya kujenga na kulima. Walikuwapo pia walioitwa Waafrika wa Bombay, yaani waliookolewa zamani zaidi wakalelewa na kufundishwa kazi huko Nasik, India. Hao ndio waliokuwa walimu na mafundi wa mwanzo wa kijiji.

Kengele ilikuwa ya hatari. Wakionekana watu wanaokuja kuteka, inapigwa, kila mtu anakimbia kujificha au kushika silaha. Na hapa naomba ndugu zangu wa Mji wa Kale wasinikasirikie. Tunapenda kusimulia kana kwamba watekaji walishuka kutoka mwezini. Sehemu ya waliokichukia kijiji kile walikuwa wenye mashamba wa hapa hapa pwani, kwa sababu watumwa wao walikuwa wakitoroka na kukimbilia Freretown. Kengele ile ilikuwa ikituangalia sisi.

*Mwalimu, nilisoma shule ya Allidina Visram miaka ya themanini. Mlinzi mmoja mzee alizoea kutuambia kuwa madarasani mwetu waliwahi kukaa majasusi wa Kizungu wakiwasikiliza Wajapani. Alikuwa akitutisha tu tunyamaze, au kuna kweli?* — Msomaji, Muscat

Kuna kweli, na mzee wako hakutia chumvi hata chembe.

Aprili 1942 ndege za Japani ziliipiga Colombo. Waingereza wakaona meli zao za kivita hazina usalama tena upande ule, wakazihamishia Kilindini. Pamoja nazo wakaja wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri, na wao wakapewa shule yenu. Kazi yao ilikuwa kunasa hewani nukta na vistari vya redio ya Kijapani, kisha kukaa navyo hadi viseme. Na Mombasa haikuwafaa sana, maana iko mbali na mawimbi yalifika yamechoka.

Hata hivyo walipata windo. Meli za mizigo za Japani zilitumia fumbo ambalo Waingereza waliliita JN-40. Nilieleze kwa njia ya jikoni. Chukua neno "mchele", livunje vipande, kila kipande ukipe namba ya tarakimu mbili kutoka jedwali la namba mia. Ziandike tarakimu hizo kwa mistari, kisha uzisome kwa safu, kutoka juu kwenda chini, tena safu zenyewe umezivuruga mpangilio. Kinachotoka hapo si mchele tena, ni maharagwe. Asiye na jedwali, na asiyejua safu zilivyopangwa, atahesabu mpaka alfajiri.

Septemba 1942 Wajapani walifanya kosa. Wawili kati ya wataalamu wa Kilindini, John MacInnes na Brian Townend, wakalidaka, wakaanza kulivuta kama uzi wa kofia. Kufikia Novemba walikuwa wakisoma ujumbe wa zamani wote na kila mpya ulioingia. Ukijua meli ya mafuta inapita wapi na lini, huna haja ya kuitafuta, unakwenda kuisubiri. Mwaka 1943 wakafunga mizigo wakarudi Colombo.

Hebu fikiria: na wewe ulikuwa humo humo ukilia na hesabu za logarithimu.

*Mwalimu, bibi yangu alikuwa akisema zamani watu wa Mombasa walisukumwa kwenye reli kama magunia. Wajukuu tunambishia. Tumwombe radhi?* — Msomaji, Mtwapa

Mwombeeni dua, na radhi pia. Toroli zilikuwapo kuanzia miaka ya 1890 hadi motokaa zilipoziondoa katika miaka ya 1920. Kilikuwa kigari cha kukalia watu wawili hivi, kina kipaa cha turubai juu, kinakwenda kwenye reli nyembamba zenye upana wa futi mbili kati yake, na nyuma yake wanaume wakikisukuma huku wanakimbia. Njia ilitoka Mji wa Kale ikakata kisiwa hadi Kilindini, na wakubwa wengine walikuwa na tawi lao linaloingia hadi mlangoni. Ila bibi amekosea kidogo: waliokaa juu hawakuwa "watu wa Mombasa" wote. Walikuwa maofisa na matajiri. Babu zetu wengi walikuwa nyuma, wakitoka jasho.

Mwenye picha ya zamani ya toroli, iliyotundikwa sebuleni au iliyofichwa sandukuni, naomba nionyeshwe tu. Sitaichukua. Nitaishika kwa ncha ya leso.