Kwa nini mzigo wa kilo 96 unatozwa kama kilo 160

SWALI: Natuma vikapu vya ukindu Hamburg kwa ndege kupitia Uwanja wa Julius Nyerere. Ni katoni 8, kila moja ina urefu wa sentimita 60, upana 50 na kimo 40, na kwenye mzani kila katoni ina kilo 12. Nimetakiwa kulipia kilo 160. Kijana niliyemkuta nje ya ghala anasema mzani umechezewa, na kwamba atanitafutia abiria wa kuzibeba kama mabegi yake. Je, nimkubalie? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Mzani haukuchezewa, ndugu msomaji, na aliyekwambia hivyo ama haijui kazi hii ama anaijua vizuri mno. Zidisha 60 kwa 50 kwa 40, upate sentimita za ujazo 120,000. Gawanya kwa 6,000, upate kilo 20 kwa katoni, yaani kilo 160 kwa zote nane. Huo ndio uzito wa ujazo, na shirika la ndege hutoza uzito ulio mkubwa kati ya huo na ule wa mzani. Kampuni za vifurushi vya haraka mara nyingi hugawa kwa 5,000, kwa hiyo huko ungelipia hata zaidi.

Kila wiki naulizwa swali hili na watu walioaminishwa kwamba ndege hubeba kilo tu. Ndege hubeba kilo na nafasi, na bidhaa nyepesi humaliza nafasi kwanza. Hata ndege ya mizigo ya Air Tanzania, Boeing 767 iliyopokelewa mwaka 2023 yenye uwezo wa kubeba takriban tani 54, ukiijaza vikapu vitupu utafunga mlango wake kabla hujakaribia uzito huo.

Dawa iko kwenye ufungaji. Pachika vikapu kimoja ndani ya kingine, na kama umbo lao linaruhusu kimo cha katoni kishuke hadi sentimita 25, uzito wa ujazo utakuwa kilo 12.5 kwa katoni, na utalipia kilo 100 badala ya 160. Usiijaze katoni hadi ikavimba, kwa sababu ghalani hupimwa pale ilipotokeza zaidi, si kwenye vipimo vilivyochapwa ubavuni na kiwanda, na uvimbe wa sentimita tatu kila upande unarudisha sehemu ya ulichookoa.

Kuhusu huyo abiria, nakiri kwamba katoni zako zingepita kama mabegi: jumla ya pande zake tatu ni sentimita 150, na mashirika mengi huruhusu 158 na kilo 23. Hapo ndipo vishoka huwanasa watu. Lakini abiria akiulizwa kaunta kama amefunga mzigo huo mwenyewe, itambidi aseme uongo, na tangu hapo kila kilichomo ni chake mbele ya sheria, nawe huna hati yoyote ya kudai kikipotea. Forodha ya Hamburg nayo ikikuta vikapu vinavyofanana kwa makumi, haitaamini kwamba ni zawadi za shangazi.

Na wewe unayesoma haya ukiwa na tiketi mkononi, usipokee katoni ya mtu usiyemjua, hata akikuonyesha vikapu vya juu, kwa kuwa aliyepanga vya chini ni yeye. Anayetaka kusafirisha bidhaa atumie wakala wa forodha mwenye leseni ya Mamlaka ya Mapato, adai nakala ya hati ya mzigo wa anga kabla ya ndege kuondoka, na alinganishe vipimo vilivyotumika kukokotoa malipo na vile alivyopima mwenyewe nyumbani kwa futi kamba.