Kukwea miamba migumu ukishapita hamsini

Nina miaka 58, na njia ngumu kuliko zote nilizowahi kukwea nimeimaliza mwaka huu huu, pale Lukenya, vilima vya miamba karibu na Nairobi. Nilipokuwa na miaka 35 ilinishinda mara tatu. Nayasema haya kwa sababu kila mara nakutana na watu wa rika langu wanaoamini wakati wao umepita. Haujapita. Kilichopita ni ule utaratibu wa ujana, na ukiung'ang'ania utakuumiza.

Mimi uliniumiza. Nilikuwa na miaka 51, siku ya tatu mfululizo kwenye ukuta mkubwa wa Hell's Gate, kule Naivasha. Nilikuwa nimebana ukingo mwembamba kama sarafu kwa ncha za vidole, mguu ukateleza, uzito wote ukashukia kidole cha pete. Kikalia "ta!", kama kijiti kikavu kinapovunjwa. Hata mwenzangu aliyeshika kamba kule chini alisikia. Kufikia jioni sikuweza kufunga kifungo cha shati.

Mtaalamu aliyenihudumia alinieleza jambo ambalo ningefaa kulijua miaka ishirini kabla. Kano za vidole zimeshikizwa kwenye mfupa na vijipete vidogo, na kano hazipati damu nyingi kama misuli. Misuli huongeza nguvu kwa wiki chache. Kano huchukua miezi. Kwa hiyo unaweza kujisikia una nguvu tele huku vidole bado havijawa tayari, na kadiri umri unavyosonga ndivyo vinavyochelewa kupona.

Tangu hapo, nikikwea kwa bidii napumzika siku mbili kamili kabla ya kurudi mwambani. Siku hizo nazihesabu kuwa mazoezi. Kabla ya kugusa njia ngumu natumia nusu saa kwenye njia rahisi, nikiongeza ugumu kidogo kidogo mpaka vidole vipate joto. Vijana hufika, wakavaa viatu, wakaanza. Waache waanze, wewe usiharakishwe na mtu.

Lakini kilichonivusha hasa ni nyayo. Ujanani nilivuta kwa mikono, miguu ikafuata popote. Sasa najipa zoezi moja: kiatu kisitoe sauti yoyote kikigusa mwamba. Kikikwaruza, nashuka hatua moja na kuiweka upya. Pale Lukenya, kwenye sehemu ngumu ya ile njia, hakuna cha kukanyaga isipokuwa punje ya jiwe jeupe, haizidi dengu. Kwa miaka yote nilikuwa naipita bila kuiona, macho yakitafuta pa kushika. Safari hii niliitazama mpaka ncha ya kiatu ikatua juu yake, nikashusha kisigino kidogo, nikasimama. Mikono ilikuwa imelegea kabisa. Nililia pale juu, na sioni haya kulisema.

Chagua pia mwamba unaokufaa. Nguvu ya mlipuko, ile ya kurukia mshikio, hupungua mapema kuliko stamina, kwa hiyo kuta zilizosimama wima au kulala kidogo zina mengi ya kutupa kuliko zinazoning'inia. Nenda asubuhi, mwamba ukiwa baridi na mikono haitoki jasho. Na fanya mazoezi ya uzito mara mbili kwa wiki, miguu na mgongo pia, maana misuli isiyotumika katika umri huu huondoka haraka.

Nikihitaji moyo humkumbuka Marcel Remy wa Uswisi. Mwaka 2017, akiwa na miaka 94, alikwea Miroir de l'Argentine, ukuta wa chokaa wa mamia ya mita, pamoja na wanawe.

Januari nakwenda Nelion, kilele cha pili kwa urefu cha Mlima Kenya, mita 5,188, kwa upande wa kusini-mashariki ambako wakweaji Shipton na Wyn-Harris walipita mwaka 1929. Wakati huo upande ule huwa mkavu. Mwenzangu wa kamba ana miaka 26. Tumekubaliana kulala usiku mmoja zaidi kambini ili mwili uzoee hewa nyepesi, naye amekubali bila kununa. Mtafute mwenzako wa namna hiyo kabla hujanunua kamba mpya.