Jibu: Mtoto yuko gredi ya 5 na hajui kusoma, nimuongezee tuisheni?

Mama, hiyo tuisheni ya gredi ya 5 achana nayo kwanza, maana kama aya fupi tu inamshinda utakuwa unalipa arudiwe yaleyale asiyoelewa darasani, na hizi tuisheni za kwa ploti hapa Nairobi nyingi ziko hivyo. Mpime mwenyewe jioni, mpe herufi, akiweza mpe maneno, halafu aya, halafu hadithi fupi ya gredi ya 2, pale anapokwama ndio mwalimu aanzie hata kama ni ba be bi bo bu. Mradi wa Uwezo, uliokuwa ukipima watoto nyumbani kwao, ulianza kuwapima hivyo Kenya mwaka 2009, na shirika la elimu la Pratham kule India wanapanga watoto kwa kiwango chao, si umri, na inasaidia kweli. Hesabu pia, chukua vizibo vya soda ahesabu akishika.

Lakini apimwe macho na masikio mapema, na herufi zikizidi kumchanganya uliza shuleni kuhusu EARC, vile vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji maalum. Na tafadhali asiitwe mjinga mbele ya wadogo zake, inaumiza sana. Nusu saa kila siku na mtu mwenye subira inashinda Jumamosi nzima ya tuisheni.