Hewa ya Darasa Inatoka Wapi? Kumlinda Mgonjwa wa Nyumbani Kuanzia Shuleni na Kazini

Bibi anayetumia dawa za saratani, mtoto mwenye selimundu au baba aliyepandikizwa figo mara nyingi hawafuati maradhi huko nje. Wanaletewa. Huleta mtoto wa darasa la nne aliyerudi na kikohozi kidogo, au mama aliyeshinda ofisi yenye kiyoyozi. Shule nyingi bado zinaweka nguvu kwenye maji tiririka na kupangusa madawati, na hayo yanasaidia sana kwa magonjwa ya kuhara. Lakini surua, kifua kikuu na Uviko-19 husafiri hewani, na mafua pia hupita njia hiyo. Virusi vya surua huweza kubaki hewani kwa muda wa saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza habari za sabuni, muulize mwalimu mkuu: hewa ya darasa hili inatoka wapi?

Jibu hupatikana kwa udi. Washa kijiti katikati ya chumba, madirisha yakiwa kama yanavyokuwa siku zote, utazame moshi. Ukikimbilia dirishani ukatoka, vizuri. Ukipanda na kutanda darini, pumzi za watoto nazo zinatanda vivyo hivyo. Kosa la kawaida ni kufungua upande mmoja tu. Fungua pande mbili zinazotazamana, hata sentimita 20 kila upande, urudie jaribio. Tofauti huonekana papo hapo. Feni ya dari peke yake haiondoi kitu, inakoroga tu.

Madirisha yanafungwa kwa sababu, na sababu hizo ndizo za kushughulikia. Upepo hubamiza kioo kikavunjika, mwalimu akachoka kulipishwa. Dawa yake ni ndoano ya chuma kwenye kila dirisha. Daftari hupeperuka; mawe madogo mezani yanatosha. Wavu wa mbu hujaa vumbi hadi hewa haipiti. Upigwe brashi kila mwezi. Funguo za makufuli hukaa kwa mtu mmoja ambaye siku akichelewa, darasa linapika. Andikeni jina la anayefungua, na saa ya kufungua iwe kabla ya wanafunzi kuingia.

Kabla wazazi hawajachangishwa mashine ya kuchuja hewa, pigeni hesabu. Darasa la mita 8 kwa 6, dari mita 3, lina mita za ujazo 144. Kubadilisha hewa hiyo mara 5 kwa saa kunahitaji mita za ujazo 720 kwa saa, na mashine ndogo ya mezani hutoa kama 250. Mnahitaji tatu. Tena hiyo ni hesabu ya chumba, si ya watu. Ukimpa kila mtu lita 10 za hewa safi kwa sekunde, wanafunzi 60 wanahitaji mita za ujazo 2,160 kwa saa, yaani hewa yote kubadilika mara 15. Kwa darasa kama hilo, hela ya mashine ingetengeneza madirisha na chenji ikabaki.

Kama mna fedha za kifaa kimoja, nunueni kipimo cha hewa ukaa, yaani gesi tunayoitoa tukipumua; ikijaa ndani, hewa haibadiliki. Nje husoma takriban 420 hadi 450 ppm (sehemu kwa kila milioni ya hewa). Ndani, chini ya 800 ni vizuri. Ikipita 1,500 watu wanavuta pumzi za wenzao kwa wingi. Hakikisheni kina kihisi cha NDIR, kinachopima gesi yenyewe kwa mwanga wa infraredi, maana vile vya bei rahisi sana hupima harufu na kemikali nyingine, kisha hukisia namba. Kiwekwe kimo cha mtu aliyeketi, mbali na dirisha na mbali na pua ya mtu, na kisomwe darasa likiwa limejaa kwa nusu saa au zaidi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari: kifaa kisichorekebishwa kwa mwinuko kinaweza kusoma pungufu kwa karibu moja ya sita, mkajipongeza bure. Kila wiki kitoeni nje, kwa kuwa vingi hujirekebisha vyenyewe vikidhani vimeonja hewa safi.

Mtoto anayeishi na mgonjwa akae upande unaoingiza hewa, si unaoitoa. Pwani upande huo hubadilika: kiti kizuri wakati wa kaskazi kinaweza kuwa kibaya kusi ikianza. Jambo dogo, lakini walimu wengi hulisahau.

Ofisini hali ni nyingine. Kiyoyozi cha ukutani kwa kawaida huzungusha hewa ileile ya ndani. Baridi yake hudanganya. Hapo mashine yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa chembechembe ndogo sana, ina kazi ya maana, hasa katika chumba cha watu wachache. Nunueni kubwa kuliko hesabu inavyodai, kwa sababu uwezo ulioandikwa kwenye boksi ni wa kasi ya juu kabisa, na kelele yake itawafanya watu waipunguze. Kichujio hakiondoi hewa ukaa, kwa hiyo kipimo kikibaki juu si lazima mashine iwe mbovu. Mashine za kutoa ozoni muachane nazo, zinaumiza mapafu. Mwajiri akigoma, Sheria Na. 5 ya 2003 ya Tanzania na ile ya Kenya ya 2007 kuhusu usalama na afya kazini ni pa kuanzia barua. Lakini mtu anayekatwa mshahara akiugua atakuja kazini akikohoa hata ofisi ikiwa na madirisha kumi.

Barakoa ya N95 au FFP2, yaani ile inayochuja hewa, hufanya kazi ikishika uso. Puliza kwa nguvu: ukihisi upepo kando ya pua, au miwani ikifanya ukungu, haijakaa. Ndevu huiharibu. Usiifue, iweke kwenye bahasha ya karatasi, zungusha barakoa tano kwa siku tano, uitupe mikanda ikilegea. Hatari kubwa kazini ni saa ya chakula, wote wakiivua kwenye chumba kimoja. Kuleni barazani.

Nyumbani, anayekohoa asilale chumba kimoja na mgonjwa. Kikohozi kikifika wiki 2, mpelekeni akapimwe kifua kikuu bila kungoja. Kikithibitika, waliomo ndani wachunguzwe, hasa watoto chini ya miaka 5 na wenye VVU, na kwa wasiougua ulizeni kuhusu dawa za kinga. Mwenye kinga dhaifu huenda asiruhusiwe chanjo ya surua, kwa kuwa ina virusi hai. Ndiyo maana dozi za ndugu zake, miezi 9 na miezi 18, zisirukwe.