Skrubu yenye rangi usiiguse: jibu kwa ndugu aliyeangusha 18-135 huko Nakuru

Weka hiyo bisibisi chini. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Nimesoma swali lako mara mbili. Lenzi ya 18-135 imeanguka kutoka mezani hapo studio kwako Nakuru, filta ya mbele imevunjika na haitoki, zumu inakwama ikifika katikati, na picha zina ukungu upande wa kushoto. Unauliza ununue bisibisi gani, filta utaitoa vipi, kama ukishafungua unaweza kusafisha na kuvu iliyo ndani, na vipuri vinapatikana wapi. Maswali mazuri. Lakini kilichonifanya niache ugali mezani ni sentensi yako ya mwisho, uliyoiandika kama jambo dogo: kwamba fundi wako wa simu amekwambia ukitoa pete ya mbele utakuta skrubu tatu, uzilegeze, usukume kioo kidogo, ukaze, na ile rangi iliyo juu yake "ni ya waranti tu".

Ni ya waranti tu. Maneno hayo hayo niliambiwa Kisumu mwaka 2019, na yalinimalizia lenzi ya 24-70 ya f/2.8 niliyoichangia kwa miaka miwili.

Rangi ile si ya waranti. Kiwandani, lenzi ikishaunganishwa, huwekwa kwenye mashine ya kupimia, na kile kikundi cha vioo vya mbele husogezwa taratibu hadi kushoto na kulia, juu na chini, kote kuwe kukali sawasawa. Matundu ya skrubu hutobolewa makubwa kidogo kuliko skrubu zenyewe kwa makusudi, ili kioo kipate nafasi ya kusogezwa. Kikishakaa panapotakiwa, skrubu hukazwa, linawekwa tone la rangi au gundi, basi. Lile tone linashikilia kazi yote ya mashine. Ukilivunja, kioo kinabaki huru kwenda popote, na vipimo vinavyohusika hapo ni sehemu za mia za milimita. Unywele wako mmoja ni mnene kuliko kosa linaloweza kuharibu picha yako.

Sasa sikiliza jinsi nilivyofika hapo, kwa sababu naona unafuata nyayo zangu hatua kwa hatua.

Lenzi yangu ilinianguka Dunga, kwenye ile njia ya mbao inayoingia ziwani, nikipiga picha za wachumba. Ilitoka kwenye mkoba ulioachwa wazi, ikagonga mbao, ikajiviringisha, nikaidaka kabla haijaingia majini. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikaijaribu palepale: picha safi. Kitu pekee kilichobadilika ni pete ya zumu, ilikuwa nzito na ikawa na sauti ya kukwaruza ukiizungusha. Nilifanya nayo kazi wiki mbili nzima na hakuna mteja aliyelalamika. Yaani lenzi ilikuwa mzima. Nataka uelewe hilo vizuri: kuanguka hakukuiua.

Niliyempelekea ni fundi wa simu mwenye meza mjini, mtu mwenye mikono myepesi kweli, amenibadilishia vioo vya simu mara kadhaa. Akaniambia sauti ile ni mchanga, lenzi ifunguliwe kuanzia mbele, na kwamba naweza kuifungua mwenyewe nyumbani nikifuata video. Nilipomwonyesha kwenye video zile skrubu tatu zenye vidoti vyeupe, nikamuuliza mara mbili: hizi je? Akajibu bila kuinua macho: rangi ya waranti tu, kwangua utoe.

Yule wa video naye! Anafika kwenye zile skrubu tatu, video inakatwa, inarudi lenzi ikiwa imeshafungwa inang'aa, anaizungusha mbele ya kamera, anasema tayari. Hatuonyeshi picha hata moja iliyopigwa kwa lenzi hiyo tundu lake, lile linalopitisha mwanga, likiwa wazi kabisa. Hata moja. Maelfu ya watu wametazama, na mpaka leo nikikumbuka hasira hunipanda.

Na kabla mtu hajaja hapa chini kuniandikia kwamba ningejua mwenyewe: mimi niliuliza. Nilisimama mbele ya mtu anayejiita fundi, nikauliza kwa mdomo wangu, nikapewa jibu lisilo kweli kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Angesema "sijui" ningeishi na ile sauti ya kukwaruza mpaka leo.

Nilifungua Jumapili mchana. Kazi yenyewe ilikwenda vizuri mno, na hapo ndipo mtego ulipo. Nikatoa zile skrubu, nikainua kioo, nikapuliza mchanga kidogo kwa kile kipulizio cha mpira, nikarudisha. Sauti ikaisha. Zumu laini. Nikatoka nje juani, nikapiga picha za mwembe na ukuta wa jirani kwa f/8, nikakuza kwenye kioo cha kamera, kila kitu kikali. Nikampigia yule fundi kumshukuru.

Juani kwa f/8 kila lenzi ni nzuri. Tundu likiwa dogo hivyo, kina cha fokasi huwa kirefu na hufunika kioo kilichokaa upande. Sikulijua hilo. Nililijua Jumamosi iliyofuata, ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, mvua inanyesha, umeme unapotea na kurudi, mimi niko f/2.8, tundu wazi kabisa, kuanzia maharusi wanaingia mpaka wanatoka. Kwa ajili ya mvua, picha za familia zote tulizipigia mle ndani mbele ya madhabahu. Bibi harusi na watu wake kulia, bwana harusi na watu wake kushoto.

Usiku nikafungua kompyuta. Upande wa bibi harusi ungeweza kuhesabu nyuzi za kilemba cha mama yake. Upande wa bwana harusi nyuso zote zilikuwa kama zimepakwa mafuta ya nazi. Nikafungua inayofuata. Hivyo hivyo. Nikafungua zote. Shangazi waliotoka Siaya alfajiri, bibi yake mzee aliyeletewa kiti, wajomba, wote, wote wa upande ule. Programu haiwezi kurudisha kitu ambacho kioo hakikukipeleka kwenye kamera.

Malipo yalikuwa 45,000. Nilirudisha 30,000, na bwana harusi, mtu mstaarabu sana, aliniuliza swali moja tu kwenye simu: kama kuna nyingine ambayo bibi anaonekana vizuri. Haikuwepo.

Baada ya hapo nikadhani nitarekebisha mwenyewe, ndivyo na wewe utakavyodhani. Nilibandika kurasa za gazeti ukutani sebuleni, zile za matangazo ya vifo kwa kuwa zina maandishi madogo, nikaweka kamera kwenye tripodi, nikaanza. Legeza, sukuma, kaza, piga, angalia. Ukiponya kushoto, juu kunaharibika. Ukiponya juu, katikati kunalegea. Na ukikaza tu skrubu, kioo kinajisogeza tena kidogo chini ya bisibisi. Usiku tisa. Zumu ikiwa kwenye 24 nilikaribia. Nikivuta hadi 70 kila kitu kinaharibika upya. Mwishowe nikaituma Nairobi kwa basi kwa fundi wa kamera, wa kweli. Alinipigia simu, na hakunisalimia hata: "Nani ametoa rangi?" Akatoza 9,000, akaipunguzia ugonjwa, lakini haikurudi kuwa ile iliyoanguka Dunga. Niliiuza kama vipuri na nikamwambia mnunuzi ukweli wote.

Mtu mmoja baadaye aliniambia ningechora alama kwa sindano kabla ya kulegeza, ili kioo kirudi palepale. Kwangu ingesaidia, maana kilikuwa hakijasogea. Wewe picha zako tayari zina ukungu kushoto, kwa hiyo kama kweli kioo ndicho kilichosogea, alama itakurudisha kwenye kosa lilelile. Bila mashine ya kupimia hakuna namna utajua pa kukipeleka.

Lakini hujui bado kama kimesogea! Hilo ndilo linaloniuma kwenye swali lako. Umesema filta iliyovunjika bado iko juu yake. Unapigia picha kupitia kioo kilichopasuka halafu unataka kulegeza skrubu za kiwandani? Toa filta kwanza. Geuza lenzi itazame chini, gonga taratibu vipande vidondoke, puliza, usifute kwa kitambaa, kwa sababu unga wa kioo utachora lenzi kama msasa. Pete ya filta ikiwa imebanwa kwa kupinda, ziba kioo cha lenzi kwa karatasi iliyolowa kidogo, kata pete ya filta kwa msumeno mdogo wa chuma mahali pamoja, uishie kabla ya kufika kwenye nyuzi za lenzi, ile mikato ya kufungia filta, kisha ikunje kwa ndani kwa koleo. Lenzi itazame chini muda wote huo. Filta ya milimita 67 itatoka. Nyuzi za lenzi zikipinda kidogo si kitu, hazigusi picha.

Halafu bandika gazeti ukutani. Kamera kwenye tripodi, sambamba na ukuta, zumu kwenye 18 kwa f/3.5, tundu wazi kabisa, uangalie pembe zote nne. Kisha igeuze kamera kichwa chini na upige tena. Ukungu ukihamia upande wa pili wa gazeti, ni lenzi. Ukibaki upande uleule wa gazeti, kamera yako haikusimama sawa na ukuta na lenzi haina kosa. Jaribu pia lenzi nyingine kwenye kamera hiyo, na uangalie skrubu za ile pete ya chuma ya nyuma. Baada ya kuanguka wakati mwingine pete hiyo ndiyo imelegea, na kuikaza ni kazi unayoweza. Ila usiitoe. Chini yake mara nyingi kuna vibati vyembamba vya kuweka sawa umbali wa lenzi na kamera, na ukivichanganya utanitafuta tena.

Bisibisi uliyouliza: skrubu za lenzi za Kijapani zina msalaba unaofanana na wa kawaida lakini si uleule, bisibisi ya msalaba ya kawaida hupanda juu na kula kichwa cha skrubu. Tafuta ile iliyoandikwa JIS, yaani kiwango cha Kijapani, namba ndogo.

Zumu inayokwama usiilazimishe. Ndani kuna viroli vidogo vinavyopita kwenye mifereji, na kimoja kikivunjika, nguvu yako itavunja vilivyobaki. Supaglu isikaribie hapo hata kidogo. Mvuke wake hutua juu ya vioo na kuacha utando mweupe. Na kamera yenyewe, uliyogusia kuifungua, usiifungue kamwe. Kapasita ya flashi, kile kifaa kinachohifadhi umeme wake, huweza kubeba volti zipatazo 300, hata betri ukiwa umeitoa.

Ukikuta ni lenzi kweli, ipeleke ikiwa na rangi yake. Fundi wa kamera akiona vidoti viko mahali pake anajua pa kuanzia. Akikuta vimekwanguliwa, anaanzia sifuri na wewe unalipia hiyo sifuri.

Yule fundi wako wa simu muulize swali moja: baada ya kukaza, atapima na nini? Nyamaza umsikilize.

Nitumie picha mbili za gazeti hapa, ya kwanza kamera ikiwa imekaa kawaida na ya pili ikiwa kichwa chini, filta ikiwa imeshatoka. Nitaziangalia leo usiku. Mpaka nijibu, usiguse chochote chenye rangi.