Maswali yenu kuhusu kusomea Kivietnamu chuo kikuu

Wasomaji kadhaa wameniandikia kuuliza juu ya kusomea lugha na utamaduni wa Vietnam, wengine wakiwa bado wanafikiria, wengine wakiwa wameshaanza na kukwama mahali. Nimeyafupisha maswali yao, nikaacha majina, na kuyajibu kwa kadiri ninavyoyajua mambo haya kutokana na miaka niliyokaa darasani Hanoi.

Nimeona katika orodha za vyuo vya Vietnam shahada mbili zinazokaribiana: "Việt Nam học" na "Tiếng Việt và văn hóa Việt Nam". Zinatofautianaje? (Msomaji, Dodoma)

Ya kwanza ni taaluma ya Vietnam kwa jumla, yaani historia, jiografia, fasihi, mila na jamii ya nchi hiyo, na husomwa na Wavietnamu wenyewe pamoja na wageni. Katika vyuo vingi imeelekezwa sana kwenye utalii, kwa kuwa wahitimu wake wengi huishia kuongoza watalii. Ya pili, ambayo maana yake ni lugha ya Kivietnamu na utamaduni wa Vietnam, imepangwa kwa ajili ya mgeni anayeanza bila lugha, hivyo miaka ya mwanzo ni sarufi, matamshi na kuandika, na utamaduni huongezwa kadiri mwanafunzi anavyoweza kusoma. Kwako unayeanza sifuri, chagua ya pili. Ukitaka ya kwanza, fahamu kwamba tangu mwaka 2015 Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Vietnam ina mfumo wa ngazi sita wa kupima Kivietnamu cha wageni. Basi uliza chuo kinadai ngazi ya ngapi kabla hujakata tiketi ya ndege.

Sina sikio la muziki, na nimesikia Kivietnamu kina toni sita. Nijaribu au niache? (Msomaji, Mombasa)

Jaribu. Toni si wimbo, ni sehemu ya neno kama ilivyo konsonanti, na mtu asiyejua kuimba kabisa hachanganyi "pata" na "bata". Katika matamshi ya Hanoi kuna toni tambarare, inayoshuka taratibu, inayopanda, inayozama kisha kuinuka, inayopanda huku sauti ikikatika kooni, na ile nzito inayoanguka na kufungwa ghafla. Vitabu hupenda kutoa mfano wa silabi "ma". Mimi napendelea mfano wa sokoni, ambako "dưa" ni jamii ya matikiti, "dừa" ni nazi na "dứa" ni nanasi, na yote matatu huenda yamepangwa kwenye meza moja. Katika mwezi wangu wa kwanza nilimwomba mama mmoja nazi, naye akachukua kisu akanimenyea nanasi, akiyachonga macho ya tunda kwa mistari ya kuzunguka kama wafanyavyo huko, akanipa na chumvi ya pilipili. Nililila palepale, kwa kuwa sikuwa na sarufi ya kukataa.

Kosa langu halikuwa sikio. Sisi huuliza kwa kupandisha sauti: "umekula" na "umekula?" ni neno lilelile, tofauti ni mkia wa sauti tu. Nilisema "dừa?" kwa kuuliza, sauti ikapanda mwishoni, na neno likawa jingine. Mvietnamu huuliza kwa maneno, kwa mfano kwa kuweka "không" mwishoni mwa sentensi, na sauti yake hubaki ilivyoamriwa na kila neno. Hili ndilo la kufanyia mazoezi kuliko toni zenyewe, pamoja na jambo la pili linalotusumbua Waswahili, nalo ni kuongeza irabu mwishoni: "một", yaani moja, si "moti", ulimi hugusa mahali pa t na kubaki hapo bila kuachia.

Upande wa pili wa mizani una mengi. Msomaji anayezungumza Kihaya, Kikuyu, Kiganda au Kijaluo nyumbani ameshazoea toni tangu utotoni hata kama hajawahi kuziita hivyo. Tena Mzungu atahangaika wiki nzima na mwanzo wa neno "ngon", yaani tamu, ilhali sisi tunayo sauti hiyo katika "ng'ombe". Na "nh" ni "ny" yetu, kiasi kwamba "nhà" husikika kama "nya", na maana yake, kwa bahati tu, ni nyumba. Kilichobaki ni kuandika alama za toni tangu siku ya kwanza, kwa sababu anayeziahirisha hujifunza kila neno mara mbili.

Hanoi au Ho Chi Minh? (Msomaji, Kampala)

Hanoi kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha kusini ukipenda. Vitabu vingi vya wageni vimeandikwa kwa kufuata matamshi ya kaskazini, na aliyejifunza toni sita hupata urahisi kuteremka kwenye tano, kwani wasemaji wa kusini huunganisha mbili kati ya hizo kuwa moja. Herufi "d" husomwa "z" Hanoi na "y" kusini, hivyo lile vazi refu la "áo dài" huwa "ao zai" huku na "ao yai" kule. Msamiati nao hubadilika: nanasi kusini huitwa "thơm" au "khóm", na aibu yangu ya sokoni isingetokea. Beba sweta nzito, kwa maana Januari ya Hanoi ina baridi yenye unyevu inayoingia hadi kwenye shuka, wakati mji wa kusini una joto mwaka mzima kama Dar es Salaam.

Kitabu changu kinasema "bạn" ni "wewe". Nilimwita hivyo mwalimu wangu, mama wa makamo, na darasa zima likanyamaza. Nilikosa nini? (Msomaji, Zanzibar)

Ulimwita mwalimu wako "rafiki", au tuseme "mwenzangu", na hakuna adhabu kubwa kuliko ule ukimya. Hapa ndipo penye moyo wa somo lenyewe, na ningependa vitabu vianzie hapa badala ya kulificha jambo hili katika sura ya tano.

Katika Kivietnamu hakuna "mimi" na "wewe" za kutumika kwa kila mtu kila mahali. Maneno ya ukoo ndiyo yanayofanya kazi hiyo, na huchaguliwa kwa umri, jinsia na heshima. Mwalimu wa kike ni "cô", wa kiume ni "thầy", na wewe mwanafunzi ni "em", yaani mdogo wake. Ukiingia darasani unasema "Em chào cô ạ", maneno ambayo kwa mpangilio wake ni "mdogo anamsalimu shangazi", na ile "ạ" ya mwishoni ni ya adabu tu. Mwalimu akikujibu, naye atakuita "em". Neno lilelile, basi, ni "mimi" likitoka kinywani mwako na ni "wewe" likitoka kinywani mwake, na ndiyo maana wanafunzi wa Ulaya hulalamika kwamba viwakilishi vinawapeperuka.

Wewe wa Zanzibar huna sababu ya kulalamika. Mtu aliyelelewa kutofautisha baba mkubwa na baba mdogo ataona mara moja kwamba "bác" ni mkubwa wa baba au mama yako na "chú" ni mdogo wa baba. Kwamba "cậu" ni mjomba na "dì" ni mama mdogo. Na kwamba maneno hayo hutolewa nje ya ukoo na kupewa dereva wa pikipiki, muuza chai na bawabu wa bweni, kama tunavyosema "mjomba" na "shangazi" kwa watu ambao hatujui hata majina yao. Mdogo ndiye anayeanza kusalimu, jambo ambalo kwa mtu wa shikamoo halihitaji somo. Tofauti ni kwamba sisi tukishatoa shikamoo tunarudi kwenye "mimi" na "wewe", lakini Mvietnamu hubaki ndani ya undugu ule hadi mwisho wa mazungumzo, katika kila sentensi.

Kwa sababu hiyo utaulizwa umri wako dakika ya kwanza, na si udaku. Anayekuuliza anatafuta neno la kukuita, na hadi alipate mazungumzo yamesimama. Mara nyingi atauliza umezaliwa mwaka wa mnyama gani, kwa maana miaka huzunguka katika wanyama kumi na wawili, ambao kwa Wavietnamu wana nyati na paka mahali ambapo Wachina wana ng'ombe na sungura. Angalia tarehe yako vizuri kabla ya kujibu: aliyezaliwa Januari 2000 si wa mwaka wa joka bali wa paka, kwa kuwa mwaka mpya wao uliingia Februari. Mwalimu wako, nina hakika, ameshasahau. Kesho ingia na "Em chào cô ạ", uinamishe kichwa kidogo.

Ninasomea Kivietnamu Ujerumani. Wenzangu wanasema wali una majina mengi mno. Mimi sioni ugumu. Kuna mengine yatakayonifaa? (Msomaji, Hamburg)

Huoni ugumu kwa sababu umetoka kwenye mpunga, mchele na wali. Mmea shambani ni "lúa", punje zenye maganda ni "thóc", zilizokobolewa ni "gạo", zilizopikwa ni "cơm", na uji wake ni "cháo". Hata ukoko una jina lake, "cơm cháy", na baadhi ya mikahawa huutoza bei kama kitoweo, jambo ambalo bibi yangu asingeliamini.

Jingine ni kuainisha nomino. Kabla ya nomino, hasa unapohesabu, huja neno la kuonyesha kundi lake: "con" kwa wanyama, "cái" kwa vitu vingi visivyo hai, "quyển" kwa vitabu. Mtu wa ngeli hashangazwi na hilo, wala hashangazwi kwamba kisu, mto na barabara vimo kwenye "con" pamoja na paka, kama sisi tulivyoweka mti na mkono katika ngeli moja. Lakini usingoje upatanisho: kivumishi na kitenzi havibadiliki kamwe.

Je, nitalazimika kujifunza herufi za Kichina? Na kwa mpenda ushairi kuna nini? (Msomaji, Tanga)

Kwa shahada ya kwanza, kwa kawaida hapana. Kivietnamu huandikwa kwa herufi za Kilatini zilizopangwa na wamisionari Wajesuiti, ambao mmoja wao, Alexandre de Rhodes, alichapisha kamusi yake Roma mwaka 1651; hata hivyo mitihani ya kifalme kwa maandishi ya Kichina iliendelea hadi mwaka 1919. Kinachobaki kwako ni msamiati wenye asili hiyo. Kama "elimu", "mwalimu" na "taaluma" zilivyotoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, ndivyo "học" ilivyozaa "đại học" (chuo kikuu), "văn học" (fasihi) na "khoa học" (sayansi). Jifunze mizizi hamsini ya namna hiyo na gazeti litafunguka.

Ushairi ndio utakaokufurahisha. "Truyện Kiều" ya Nguyễn Du, aliyefariki mwaka 1820, ina mistari 3,254 na hufundishwa kila mahali. Bahari yake, "lục bát", ni mstari wa mizani sita ukifuatwa na wa mizani nane: silabi ya sita ya mstari wa kwanza hupatana kwa kina na silabi ya sita ya mstari wa pili, kisha silabi ya nane ya huo wa pili hupokewa na silabi ya sita ya mstari wa mizani sita unaofuata, hadi mwisho wa hadithi. Mtu aliyezoea kina cha kati na kina cha mwisho atalisikia hilo kabla ya kuelezwa. Asilolitarajia ni kwamba toni nazo zina kanuni zake za mahali, na malenga wa Tanga hajawahi kubeba mzigo huo.

Nitapata kazi gani nikirudi? (Msomaji, Mtwara)

Tazama dirishani. Korosho ghafi za kwenu hununuliwa kwa wingi na Vietnam, ambako hubanguliwa na kuuzwa duniani. Halotel nchini Tanzania na Lumitel nchini Burundi ni kampuni za simu za Viettel ya Vietnam. Uhusiano wa kibalozi kati ya Tanzania na Vietnam ni wa tangu mwaka 1965. Lugha peke yake, hata hivyo, haiajiri. Iambatanishe na uhasibu, sheria au biashara ya mazao.

Bweni letu litafungwa nusu wakati wa Tết, yaani mwaka mpya wa Wavietnamu, na rafiki yangu amenialika kijijini kwao. Niende na nini? (Msomaji aliyeko Hanoi)

Nenda, na usikose usiku wa kuchemsha "bánh chưng", ile mikate ya mraba ya mchele wa kunata wenye nyama ya nguruwe na choroko ndani, inayofungwa kwa majani na kukaa motoni saa nyingi huku watu wakipiga soga; kama huli nguruwe, sema mapema, na wengi watakufungia yako bila nyama. Peleka matunda au biskuti za boksi jekundu, na bahasha nyekundu zenye noti mpya kwa watoto. Asubuhi ya siku ya kwanza usiingie nyumba yoyote bila kuitwa, hata ya jirani uliyemzoea, kwa kuwa anayevuka kizingiti wa kwanza huaminiwa kubeba bahati ya mwaka mzima ya nyumba ile, na wenyeji huwa wameshamchagua mtu wao. Subiri uambiwe saa, kisha toa bahasha kwa mikono miwili.